Mwanangu anauliza mbona hatuwapigi mawe watoto wakaidi, nimjibu nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi, nalifupisha. Mwanae ana miaka 14, yuko darasa la kipaimara. Akakutana na Kumbukumbu la Torati sura ya 21, mstari wa 18 hadi 21, pale pa mtoto mkaidi asiyesikia wazazi, apelekwe kwa wazee langoni pa mji apigwe mawe mpaka afe. Akamuuliza mwinjilisti: kama hili ni neno la Mungu mbona hatulifanyi, na kama hatulifanyi, tunajuaje hayo mengine ndo ya kufanya? Akaambiwa akae chini, maswali ya namna hiyo yanatoka kwa shetani. Kijana karudi nyumbani kanuna na kipaimara hataki kukisikia. Mama anaandika: "Mwalimu, nimjibu nini? Na kweli ni dhambi kuhoji amri za kale?"

Mama, pole kwa hilo, ila mwanao ana kichwa. Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, swali la kwanza naulizwa kila mwaka na kila darasa, lakini lile la pili, la tunajuaje mengine ndo ya kufanya, watu wazima wengi hawafiki huko, wanaishia kushangaa mawe basi. Kwa hiyo kabla ya yote mwambie hajakosea, na mimi nitajitahidi nisimkwepe.

Tuanze na maandishi yenyewe maana watu wengi wanaogopa mistari hii bila kuisoma. Fungueni wote wawili. Angalia wazazi wanamshtaki kwa nini, mkaidi, muasi, hasikii, halafu linakuja la mwisho, mlafi na mlevi. Sasa mlevi wa miaka 14? Huyu sio mtoto aliyegoma kuosha vyombo au kuzima simu usiku. Hili ni jitu zima, linakaa kwa wazazi, linakula ng'ombe na linakunywa shamba, na wazazi wanazeeka. Zamani zile hakuna pensheni, hakuna bima, mali ya nyumba ndo uzee wa wazazi, sasa akitokea mmoja wa kuitafuna yote wazee wanakufa njaa. Hilo halifanyi mawe yawe mazuri, sisemi hivyo kabisa, nasema tu tujue sheria inaongelea nini.

Halafu angalia nani anaamua. Baba peke yake? Hapana. Baba NA mama wamshike, wote wawili, wampeleke langoni kwa wazee, na wote wawili waseme. Nenda Mwanzo 38 uone ilivyokuwa kabla, Tamari anapatikana na mimba, Yuda baba mkwe wake anasema mtoeni achomwe moto. Sentensi moja tu. Hakuna wazee, hakuna kesi, mkuu wa ukoo kasema imeisha. Na hata Babeli, kwenye zile sheria za Hammurabi za kama mwaka 1750 KK, baba akitaka kumkataa mwanae asimrithi lazima aende kwa waamuzi wachunguze, na kosa la kwanza hata likiwa kubwa mtoto anasamehewa. Kwa hiyo sehemu ile ya dunia watu walikuwa wanahangaika na jambo hilohilo, huyu baba mwenye nguvu zote nyumbani tumshike vipi? Sheria ya Torati inambakizia mawe ila inamnyang'anya uamuzi wa peke yake. Kwetu leo ni ukatili mtupu, kwa aliyeishi chini ya babu kama Yuda ilikuwa breki.

Lakini mwanao atakwambia, sawa mama, breki, ila bado ni mawe. Na yuko sahihi! Hapo ndo nataka umpeleke kwa watu ambao wengi makanisani hatuwafundishwi, marabi wa Kiyahudi, wale walioishi na Torati hii usiku na mchana na hawakuwa na ruhusa ya kuruka hata herufi.

Kitabu chao cha Mishna kilikusanywa kama mwaka 200 BK, na kuna sura nzima ya mwana mkaidi. Wanaanza taratibu kabisa. Maandiko yamesema mwana, kwa hiyo binti hayumo. Akiwa mdogo bado hajafikia umri wa kubeba amri, hayumo. Akishaota ndevu kamili ni mwanaume sasa, sio mwana, hayumo. Baadaye Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ikapiga hesabu ikakuta kipindi kinachobaki ni kama miezi mitatu tu ya maisha yake yote. Haya, ndani ya miezi hiyo lazima awe amemuibia baba yake, akaenda kula kwenye eneo la watu wengine, ale nyama kipimo fulani na anywe mvinyo kipimo fulani, akila kitu kingine chochote lakini sio nyama, hana kesi. Baba anataka ashtakiwe mama hataki? Hana kesi. Maandiko yanasema "watamshika", basi mzazi mmoja akiwa hana mkono hakuna kesi. "Watamtoa", mmoja akiwa kiwete hakuna kesi. "Watasema", asiwe bubu. "Huyu mwana wetu", yaani wanamuonyesha, asiwe kipofu. "Hasikii sauti yetu", wasiwe viziwi. Halafu anakuja Rabi Yuda anamalizia kabisa: imeandikwa sauti yetu, sauti moja, kwa hiyo mama na baba lazima walingane sauti, sura na kimo!

Nilipowasomea wanafunzi hii mara ya kwanza darasa zima lilicheka, mmoja akasema mwalimu hawa walikuwa mawakili sio wachungaji. Na kweli ndivyo, walikuwa wanaifunga sheria kamba moja moja huku kila kamba inatoka kwenye andiko lenyewe. Mpaka Talmudi inafika mahali inasema waziwazi kwamba mwana mkaidi wa namna hiyo hajawahi kuwepo na hatakuwepo, sasa kwanini iliandikwa? Usome, upate thawabu ya kusoma. Rabi Shimoni anauliza kwa lugha ya mtaani kabisa, yaani kwa sababu huyu kala kipande cha nyama na kanywa mvinyo ndo baba na mama yake wamtoe wakampige mawe? Hilo ni swali la mwanao, mama. Lipo kwenye kitabu kitakatifu cha watu waliokuwa wanaishika sheria kuliko sisi sote. Na hakuna aliyemwambia Shimoni akae chini. (Ila kuna rabi mwingine, Yonathani, anajibu mimi nilimuona huyo mwana, na nimekaa juu ya kaburi lake. Talmudi imeliacha na hilo hapohapo bila kulifuta. Mimi huwa linanitia baridi, maana linamaanisha huenda kuna mahali mtoto alikufa kweli.)

Sasa atauliza, si hao marabi ni watu tu, Biblia yenyewe inasemaje? Hapa ndo patamu. Biblia yenyewe inajihoji. Kutoka 20 inasema Mungu anawapatiliza wana uovu wa baba zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne, hiyo iko ndani ya Amri Kumi kabisa, sio pembeni. Nenda Ezekieli 18. Watu wako uhamishoni Babeli, wana methali yao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Ezekieli anasema Bwana amekataza msiitumie tena methali hiyo, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanaofundisha wengi wanajaribu kupatanisha hizi mbili kwa maneno matamu. Marabi hawakuhangaika, mmoja wao anasema tu Musa alitamka, akaja Ezekieli akaitangua. Tangua! Na ukitaka nyingine, Kutoka 21 inasema binti aliyeuzwa kuwa mjakazi hatoki utumwani kama wanaume wanavyotoka, Kumbukumbu la Torati 15 inasema awe Mwebrania mume au Mwebrania mke, mwaka wa saba anatoka huru na usimtoe mikono mitupu. Kuna mtu kati ya vitabu viwili hivyo aliangalia sheria ya kwanza akaona kuna msichana kasahaulika.

Na ile ninayoipenda kuliko zote ni Hesabu 27. Mabinti watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, baba yao Selofehadi kafia jangwani bila mtoto wa kiume. Sheria iko wazi, urithi ni wa wana. Wanaenda kusimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote mlangoni pa hema, wanauliza kwanini jina la baba yetu lifutwe kwa sababu hakuwa na mwana wa kiume? Kwanini. Wametumia neno hilohilo la mwanao. Musa hakuwajibu kwa kukariri sheria, na hakuwaambia ni shetani, alilipeleka swali kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti hawa wamesema sawa, na sheria ikabadilishwa palepale, sio kwao tu, kwa Israeli yote. Mwinjilisti wenu asome sura hiyo halafu arudi tuongee.

Sasa lile gumu, tunajuaje la kushika na la kuacha. Mtu akikwambia ana fomula hapa anakudanganya. Mimi sina, nina vitu kadhaa ninavyoviangalia na nimevipata kwa hao hao wazee.

Cha kwanza ni nani anafaidika na kule kufikiria upya. Marko 7 kuna habari ya Korbani, mtu ana mali ambayo angewatunzia wazazi wake wazee, anaitangaza kuwa imewekwa wakfu kwa Mungu, basi wazazi hawagusi. Wanasheria walikubali. Yesu akawaka, na angalia anawajibu kwa andiko gani, anatumia hilohilo kali la amtukanaye babaye au mamaye na afe! Hapa mama ujiandae, kuna mtu atakuletea mstari huu kwamba Yesu aliunga mkono kuua watoto. Hapana, anawashambulia watu wazima waliopindisha sheria ili wasilishe wazee wao. Kwa hiyo kutafsiri upya sio kuzuri kila mara, anayetafsiri ili mfuko wake ujae mshuku hata akiwa na digrii.

Kuna kesi nyingine ambayo mimi mpaka leo sijaamua. Torati ilisema kila mwaka wa saba madeni yanasamehewa. Safi kwa maskini, si ndio? Shida ni kwamba mwaka wa saba ukikaribia matajiri waligoma kukopesha, na maskini akakosa mbegu za kupanda. Hilleli, rabi aliyeishi muda mfupi kabla ya Yesu, akaja na hati inaitwa prozbuli, mkopeshaji anakabidhi deni kwa mahakama, na kwa kuwa sheria inamkataza mtu kumdai nduguye na mahakama sio ndugu wa mtu, basi deni haliguswi. Mikopo ikarudi. Alimsaidia maskini au alimuua? Mimi nikiangalia akina mama wanavyohangaishwa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mtaani kwetu, siku nyingine nasema Hilleli alikuwa na akili kuliko sisi sote, siku nyingine nasema hapana, aliziba mlango pekee wa kutokea. Wanafunzi wangu hugawanyika katikati kila nikiwapa, na ni vizuri wagawanyike.

Cha pili naangalia mzigo unamwangukia nani. Hapa nitatoka kidogo kwenye mawe maana tuna mfano wetu nyumbani. Waliotetea utumwa Marekani walikuwa na mistari, tena mingi, Walawi 25 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa na kuwarithisha watoto, Waefeso 6 inawaambia watumwa watii bwana zao. Ukisema tushindane kwa kuhesabu mistari, wao wanashinda, na hili makanisani halisemwi. Waliopinga walikuwa na nini? Mwaka 1688 kikundi kidogo cha Wakristo huko Germantown, Pennsylvania, waliandika barua ya kupinga, na hoja yao kubwa ilikuwa ile ya watendee wengine unavyotaka kutendewa. Basi. Walichukua amri moja wakaipimia nyingine. Na kwetu, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na pale Mkunazini soko liliposimama likajengwa kanisa. Nimekaa kwenye viti vya kanisa lile nikamsikia msomaji anasoma waraka wa Paulo wenye habari za watumwa na mabwana, anasoma kwa sauti nzuri tu, na mimi nikashindwa kuendelea kusikiliza. Mstari uleule, mahali palepale. Hakuna aliyeufuta kwenye kitabu, ila hakuna Mkristo hata mmoja mle ndani aliyedhani anatakiwa kuufanya. Kwa hiyo tunachagua, mama. Wote. Na mwinjilisti anachagua, mawe kayaacha ila fimbo ya Mithali 23 nina wasiwasi anayo nyuma ya mlango. Tofauti ni kwamba wengine tunakiri tunachagua, na tunakubali kuulizwa kwa kigezo gani.

(Na sio sisi tu. Waislamu wanafundishana habari ya Khalifa Umar, kwamba mwaka wa njaa kubwa Madina alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, maana mtu kaiba akiwa na njaa. Aya ilikuwepo, njaa nayo ilikuwepo, akaviangalia vyote viwili.)

Narudi kwa mwana mkaidi kuna kitu sijakuonyesha bado. Yale maneno mawili ya wazazi pale langoni, mlafi na mlevi, yashike. Sasa fungua Mathayo 11:19, watu wanamsema Yesu: mlafi huyu na mlevi. Jozi ileile. Wasomi wengi wanaona kwamba hao hawakuwa wanamtukana hovyo, walikuwa wanamtupia lugha ya sheria, yaani huyu ni yule mwana wa kupigwa mawe. Na Kumbukumbu 21 ukimaliza mstari wa 21, unaofuata moja kwa moja unaongelea aliyeuawa na kutundikwa juu ya mti, ambao Paulo anaupeleka msalabani kwenye Wagalatia 3. Nikijua hivyo siwezi tena kuisoma Luka 15 kama zamani. Kijana kachukua mali, kaila na makahaba, anarudi na harufu ya nguruwe, na wasikilizaji wa Kiyahudi wanajua kabisa sheria inasema nini kuhusu mwana wa hivyo, wanangoja baba amshike ampeleke langoni. Baba anakimbia. Mzee mzima wa mashariki, kainua kanzu, anakimbia barabarani kijiji kizima kinamuona, anamfikia kijana yule kabla hajafikiwa na mtu mwingine yeyote. Sheria iko palepale haijafutwa, ila mwenye haki ya kushtaki kaamua kumkumbatia.

Kwa hiyo ni dhambi kuhoji? Kama ni dhambi basi Mala na wadogo zake wako motoni, na Ezekieli pia, na Ibrahimu aliyembana Mungu kuhusu Sodoma kwa kumuuliza Mwamuzi wa dunia yote hatatenda haki? Mimi ninaloliogopa kwa kijana wako sio swali, ni kule kukalishwa chini, maana mtoto akishajifunza kwamba kanisani hakuulizwi, hataacha kuuliza, ataenda kuulizia kwingine tu na majibu ya huko unayajua.

Kuhusu mwinjilisti, usiende kumgombeza. Wengi wao walipewa mafunzo mafupi na vitabu vichache, aliulizwa kitu asichokijua mbele ya vijana thelathini akaogopa. Nenda na mume wako kama yupo, au mzee mmoja wa kanisa, umwambie mtoto alikuwa anauliza kwa nia njema, na kama akipenda nitamtumia maelezo haya kwa simu asome kwa muda wake. Kijana asilazimishwe kurudi wiki hii, mpe mbili tatu.

Jumamosi jioni kaeni wawili, asome Hesabu 27 kwa sauti, yeye sio wewe. Usimfafanulie kitu. Halafu mwambie aruke mpaka sura ya 36, maana wakuu wa ukoo wa baba yao walikuja kulalamika kuhusu ile sheria mpya ya mabinti, ikarekebishwa tena. Muulize yeye anaonaje, walionewa au hawakuonewa. Akishakujibu niandikie, nataka kusikia alichosema.